Mdogo wangu ana vidonda sugu vya utumbo: nimpe dawa za kuongeza kinga?

BARUA

Habari zenu wa safu ya afya,

Naandika kuhusu mdogo wangu wa kiume, miaka 24, ninayeishi naye hapa Kondele, Kisumu. Kazi yake ni kupara na kupakia samaki ufuoni Dunga. Mwaka jana alianza kuendesha, choo kikitoka na damu na makamasi, mara nyingine akiamka usiku mara tatu au nne. Kliniki ya karibu ilimpima damu ikasema ni taifodi. Akadungwa sindano, akapewa na Flagyl ya amiba. Alipata nafuu siku chache, damu ikarudi. Ikawa hivyo kwa miezi, taifodi baada ya taifodi, hadi akakonda akawa wa kushikwa mkono akipanda ngazi.

Mwishowe tulitumwa hospitali kubwa. Akaingizwa kamera kwa njia ya haja kubwa, akakatwa vipande vidogo vya nyama vikapelekwa maabara. Jibu likawa vidonda sugu vya utumbo mpana, upande wa kushoto. Daktari alisema, "Ni askari wa mwili wake wanaoshambulia utumbo wenyewe." Akamwandikia prednisoloni, vidonge 8 vya miligramu 5 kila asubuhi, akipunguza kidonge 1 kila wiki, pamoja na mesalazini. Sasa yuko wiki ya nne, anameza vidonge 5. Damu ilikatika wiki ya pili na anakula vizuri.

Shida ni hizi. Majirani wanasema mtu anayehara hivyo kinga yake imeisha, na wananong'ona kwamba ni ule ugonjwa mwingine, ingawa alipimwa VVU na hana. Shangazi ametuletea unga wa mlonge, maji ya shubiri na vidonge vya "kuongeza kinga" vya bei ya juu. Anasema dawa za hospitali ndizo zinazommaliza kinga. Mdogo wangu mwenyewe uso umefura, usiku hapati usingizi, na anataka kuacha vidonge kwa sababu anajiona amepona. Daktari naye ametaja kwamba ugonjwa ukirudi atamhamishia azathioprini au dawa ya kudungwa kwenye mshipa, lakini kwanza apimwe TB na homa ya ini. TB inahusiana vipi na tumbo? Hakohoi hata kidogo.

Na je, ni sisi tuliomletea kwa chakula? Au ni zile antibiotiki?

Dada wa Mgonjwa, Kondele

JIBU

Dada wa Kondele, pole kwa miezi hiyo, na ahsante kwa kutaja kila kipimo na kila kidonge, maana imetuwezesha kujibu bila kubahatisha. Kabla hujasoma yaliyobaki: kesho asubuhi mdogo wako ameze vidonge vyake 5 kama alivyoandikiwa, na zile dawa za kuongeza kinga ziwekwe kando. Sababu ya yote mawili ni moja. Kinga yake haijaisha. Inafanya kazi kupita kiasi mahali ilipopaswa kutulia.

Ukuta wa ndani wa utumbo umefunikwa na safu moja tu ya seli, na seli hizo hubadilishwa kila baada ya siku 3 hadi 5. Upande mmoja wa safu hiyo kuna matrilioni ya bakteria, upande wa pili kuna mishipa ya damu. Ndiposa mwili umeweka seli nyingi sana za kinga hapo. Juu ya safu hiyo kuna ute. Katika utumbo mpana ute una matabaka mawili: la nje bakteria wanaishi ndani yake, na la chini, lile linalogusa seli, kwa kawaida halina bakteria kabisa. Ndani ya ute huo mwili humwaga gramu kadhaa za kingamwili ya aina ya IgA kila siku, nayo hunasa vijidudu bila kuanzisha vita.

Chini ya safu ya seli kuna askari wanaoitwa makrofaji. Makrofaji wa utumboni wana tabia yao ya pekee: bakteria akipenya, humla kimyakimya bila kupiga king'ora. Pembeni yao kuna seli T za kudhibiti, ambazo kazi yao yote ni kuwatuliza askari wengine, hasa kwa kutoa kemikali iitwayo intalukini 10. Umuhimu wa utulivu huu ulionekana wazi mwaka 1993, watafiti walipozalisha panya wasio na intalukini 10. Panya hao walipata uvimbe wa utumbo bila kuambukizwa ugonjwa wowote. Walipolelewa mahali pasipo na bakteria hata mmoja, utumbo wao ulibaki mzima. Mwaka 2009 ikaonekana kwa binadamu pia: watoto wachanga ambao miili yao haiwezi kupokea ujumbe wa intalukini 10 hupata vidonda vikali vya utumbo mapema sana maishani.

Kwa mdogo wako utulivu huo umevurugika. Tabaka la ute limepungua, bakteria wanagusa ukuta, na seli changa zinazotoka kwenye damu kuja kuwa makrofaji hazifunzwi utulivu tena. Zikifika zinapiga king'ora. King'ora chenyewe ni kemikali, na mbili ni vizuri uzijue kwa majina kwa sababu dawa za mbele zimetengenezwa kuzilenga: TNF na intalukini 23. Intalukini 23 huchochea aina fulani ya seli T, nazo huita nyutrofili, zile seli nyeupe zinazotengeneza usaha. Nyutrofili hujipenyeza ndani ya vishimo vidogo vya ukuta wa utumbo, hupasuka humo, na vimeng'enya vyake huchoma kila kitu, pamoja na ukuta wenyewe. Yale makamasi mliyoyaona chooni yalikuwa ute uliochanganyika na usaha huo, na damu ilitoka mahali ukuta ulipobanduka. Kwa ugonjwa wa mdogo wako uharibifu huanzia mwisho kabisa wa utumbo mpana na kupanda juu bila kuruka mahali, ndiyo maana mkaambiwa "upande wa kushoto". Ndugu yake, ugonjwa wa Crohn, huweza kutokea popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, kwa mabaka, na huchimba unene wote wa ukuta.

Hapo ndipo majirani wanapokosea kabisa. VVU huua seli T za aina ya CD4, na huanza mapema kuzimaliza zile za utumboni. Kwa mdogo wako seli hizo hizo zimejazana utumboni kuliko inavyotakiwa. Ugonjwa wake hauambukizwi kwa kula sahani moja, kwa kulala chumba kimoja, wala kwa tendo la ndoa. Daktari akishauri kurudia kipimo cha VVU, sawa, lakini hakuna sababu ya kumtenga na bakuli la familia.

Tuje kwa shangazi, ambaye bila shaka anampenda. Kuongeza kinga kwa mtu ambaye kinga ndiyo inayomjeruhi hakuna maana. Vidonge vyenye maandishi hayo mara nyingi havisemi vina nini ndani wala kiasi gani. Shubiri tunaikataza waziwazi: ule utomvu wa manjano chini ya ganda lake una kemikali za kuharisha, na utumbo wenye vidonda ndio wa mwisho kuhitaji dawa ya kuharisha. Majani ya mlonge yakipikwa kama mboga hayana neno. Unga wake kwa vijiko kama dawa, hapana. Kuna sababu nyingine ambayo watu husahau: akianza azathioprini, daktari atakuwa anapima ini lake kila mara. Ini likionyesha shida huku anakunywa mitishamba mitano, hakuna atakayejua ni kipi kimelidhuru, na huenda akaondolewa dawa nzuri bila kosa lake.

Sasa prednisoloni. Hii inazima karibu king'ora chote kwa pamoja, ndiyo sababu damu ilikatika haraka hivyo. Lakini kuzima kwa jumla kuna gharama, na huo uso uliofura ni sehemu yake. Utarudi kawaida dozi ikishuka. Mwili wenyewe hutengeneza homoni ya aina hii kwenye tezi mbili zilizo juu ya figo, kiasi kinacholingana na takriban miligramu 5 hivi za prednisoloni kwa siku. Mtu akipewa miligramu 40, tezi hizo hupumzika, na zikipumzika zaidi ya wiki tatu haziamki siku moja. Akiacha ghafla leo, akiwa kwenye miligramu 25, anaweza kulegea, kutapika, presha ikashuka akaanguka. Na vita utumboni vitarudi, kwa kuwa seli zilizotulizwa kwa dawa bado hazijajifunza kutulia zenyewe. Kupunguza kidonge 1 kwa wiki ni mwendo mzuri. Akisahau asubuhi, ameze akikumbuka siku hiyo hiyo, asirudufu kesho yake. Akitapika hadi vidonge havikai, aende hospitali adungwe sindano ya kushika nafasi yake, na aseme mlangoni kwamba anatumia prednisoloni.

Kuhusu usingizi: ameze vyote kwa pamoja kabla ya saa tatu asubuhi, baada ya kula. Akivigawa asubuhi na jioni hatalala. Apunguze chumvi kwa wiki hizi. Mifupa hupungua madini kwa dawa hii, kwa hivyo ulizeni kuhusu kalisi na vitamini D. Nyumbani mnayo omena, na ikiliwa nzima na mifupa yake ni chanzo kizuri cha kalisi. Akianza kukojoa sana na kiu kutokatika, apimwe sukari.

Kuna jambo hukulitaja na linatusumbua kwa sababu ya kazi yake. Mtu anayeingia majini Dunga huwa hatarini kupata kichocho cha tumbo. Minyoo hiyo hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo, na mayai yake yakikwama ukutani seli za kinga huyazunguka na kuleta vidonda na damu, kwa namna inayofanana sana na ugonjwa huu. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Ulizeni kama maabara iliyotazama vipande vya nyama ilitafuta mayai, na kama choo kilipimwa kwa njia ya Kato-Katz kwa siku zaidi ya moja, maana mayai huwa machache na kipimo kimoja huyakosa. Dawa yake ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, mara moja. Prednisoloni haiuwi kichocho.

La pili ni mnyoo mdogo uitwao strongiloide, unaoingia kupitia ngozi ya miguu peku na kuweza kuishi mwilini miaka mingi bila dalili. Kwa mtu mwenye kinga ya kawaida hautoki mahali pake. Kinga ikizimwa na prednisoloni huzaana ovyo na kusambaa hadi mapafuni, ukibeba bakteria wa utumbo pamoja nao, na hali hiyo huua. Kidonge kimoja cha minyoo cha albendazoli hakiuondoi ipasavyo. Unatibiwa kwa ivamektini, kwa uzito wa mgonjwa. Mtajieni daktari neno hili wiki hii hii, msingoje tarehe ya kliniki. Amiba nayo ilipaswa kuthibitishwa kwamba haipo kabla ya prednisoloni kuanza. Kwa kuwa amekuwa vizuri wiki nne, hapo hatuna hofu kubwa.

Mesalazini hufanya kazi tofauti. Haisambai mwilini kuzima kinga, inatuliza ukuta wa utumbo mpana inapougusa. Kwa hiyo ni lazima ifike huko ikiwa nzima. Vidonge vyake vimepakwa ganda linaloyeyuka mwishoni mwa utumbo mwembamba, na anayevitafuna au kuvisaga kwenye uji anaifungua dawa tumboni ambako haina kazi. Dozi ya watu wazima huwa gramu 2 hadi 4.8 kwa siku. Kwa vidonda vya upande wa kushoto, vidonge pamoja na dawa ya kupachika au ya maji kwa njia ya haja kubwa usiku hufanya kazi vizuri kuliko kimojawapo pekee. Vijana wengi huona haya kuitumia. Zungumza naye kwa upole, kwa sababu ndiyo inayofika hasa mahali ugonjwa unapoanzia. Hii ndiyo dawa ya kuendelea nayo akiwa mzima, kwa miaka, na apimwe figo angalau mara moja kwa mwaka. Wengi huiacha miezi mitatu baada ya damu kukatika, nyutrofili zikarudi.

Bei ikiwashinda, msikatize kimya. Kuna salfasalazini, ya bei nafuu, ambayo bakteria wa utumbo mpana huikata na kuitoa mesalazini ndani yake. Ina masharti: isitumiwe na mwenye mzio wa salfa, na kabla ya kuianza apimwe kimeng'enya cha G6PD, ambacho upungufu wake si nadra kwa watu wa maeneo ya malaria kama Nyanza na Magharibi. Mwenye upungufu huo akipewa, chembe nyekundu za damu zinaweza kupasuka. Huandikwa pamoja na asidi ya foliki, hugeuza mkojo rangi ya chungwa, na kwa wanaume hupunguza mbegu kwa muda hadi ikiachwa.

Azathioprini inalenga seli T moja kwa moja. Inazinyima malighafi ya kujigawanya, hivyo jeshi linapungua polepole, na matokeo huchukua miezi 3 hivi. Wakati huo prednisoloni ndiyo hushikilia. Dozi ni miligramu 2 hadi 2.5 kwa kilo, yaani mtu wa kilo 60 atafika miligramu 120 hadi 150 kwa siku, kwa kupanda taratibu. Inaweza kupunguza seli nyeupe za damu kupita kiasi, kwa hiyo kipimo cha damu hufanywa mara kwa mara wiki za mwanzo, kisha kila miezi 3. Homa au koo kuuma akiwa kwenye dawa hii ni sababu ya kupima damu siku hiyo hiyo. Na kama kuna mzee nyumbani anayemeza alopurinoli ya gauti, mdogo wako asiiguse kamwe: zikikutana, azathioprini hujaa mwilini na kuharibu uboho.

TB sasa. Mwili wa mtu aliyewahi kuvuta vijidudu vya TB huwazungushia ukuta wa makrofaji na seli T, na mara nyingi mtu huishi hivyo hadi uzee bila kukohoa. Kinachoshikilia ukuta huo usibomoke ni TNF, ile ile kemikali inayomchoma mdogo wako utumboni. Dawa ya mshipa aliyotaja daktari kuna uwezekano mkubwa ni infliksimabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa ugonjwa wa Crohn, nayo hufanya kazi kwa kuiteka TNF. Mwaka 2001 madaktari waliripoti wagonjwa 70 waliougua TB baada ya kudungwa, wengi ndani ya miezi michache, na wengi wao TB ikiwa nje ya mapafu. Tangu hapo hakuna anayepaswa kuianza bila kupimwa. Nchini kwetu, ambako TB ni ya kawaida, ni kosa kubwa kuruka hatua hiyo.

Hapa kuna mtego. Kipimo cha TB cha kudungwa ngozini hutegemea seli T kuvimbisha mkono, na prednisoloni huzizuia kufanya hivyo. Mkono unaweza kubaki laini kabisa ilhali vijidudu vipo. Kwa hiyo ombeni na picha ya kifua, mwelezeni anayepima kwamba mgonjwa yuko kwenye prednisoloni na dozi yake, na mtaje kama kuna mtu wa nyumbani aliyewahi kutibiwa TB. Ikionekana ipo iliyolala, hupewa dawa za kuzuia, na dawa ya TNF husubiri angalau mwezi mmoja tangu aanze kuzimeza. Homa ya ini aina ya B ina mantiki hiyo hiyo: virusi vilivyotulizwa na seli T huamka zikidhoofishwa. Akipatikana hana, achanjwe mapema, dozi ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, na ya tatu mwezi wa 6. Chanjo zenye vijidudu hai, kama ya homa ya manjano na surua, azikwepe akiwa kwenye dawa hizi, na kama anahitaji yoyote aiulizie kabla hajahamishwa dawa.

Infliksimabu hutolewa wiki ya 0, ya 2 na ya 6, kisha kila wiki 8. Ni ghali. Keti na afisa wa bima wa hospitali kabla ya dozi ya kwanza, mhakikishe mnaweza kuendelea, kwa sababu anayeruka dozi na kurudi miezi baadaye mwili huwa umetengeneza kingamwili dhidi ya dawa yenyewe, ikashindwa kazi au ikaleta mzio mkali.

Umeuliza kama ni chakula au antibiotiki. Hakuna chakula mlichompikia kilicholeta hili. Zaidi ya sehemu 200 za urithi wa binadamu zimehusishwa na ugonjwa huu na ule wa Crohn, nyingi zikigusa jinsi seli za kinga zinavyowatambua bakteria, na kwa wengi hazileti ugonjwa hadi mazingira yachochee. Antibiotiki zinazorudiwa huvuruga bakteria wazuri, lakini hatuwezi kusema ndizo zilizomletea. Tunachosema bila kusita ni kwamba kipimo cha Widal kimoja hakithibitishi taifodi, kwa kuwa kinasoma kingamwili zinazoweza kubaki damuni muda mrefu baada ya ugonjwa wa zamani. Kinachothibitisha ni kuotesha damu maabara. Mtu yeyote anayetibiwa "taifodi" kwa mara ya tatu huku choo kina damu anahitaji kupimwa utumbo wenyewe.

Ale ugali, samaki, ndizi, viazi, chochote kinachomkalia. Damu ikiwepo apunguze githeri, mahindi ya kuchoma na pilipili kama vinamuuma, na maziwa yakimjaza gesi ajaribu mala. Akitulia arudie mboga na maharagwe taratibu, kwa sababu bakteria hugeuza nyuzinyuzi kuwa butireti, ambayo hulisha ukuta wa utumbo na kusaidia zile seli T za kudhibiti kuongezeka. Kwa maumivu ya mwili atumie parasetamoli. Brufeni na diklofenaki zinaweza kuamsha ugonjwa. Apimwe wingi wa damu pia, kwani kuchoka ngazini huenda kulikuwa dalili ya upungufu wa madini ya chuma.

Kuna kipimo cha choo kinachoitwa kalprotektini, ambacho maabara kubwa za mijini hukifanya. Kalprotektini ni protini inayotoka ndani ya nyutrofili zilizopasuka utumboni, kwa hiyo inaonyesha kama vita vinaendelea hata mgonjwa akijisikia mzima. Chini ya mikrogramu 50 kwa gramu ya choo ni kawaida, juu ya 250 kuna uvimbe, na katikati hurudiwa. Kichukuliwe akiwa amekaa wiki mbili bila kumeza brufeni, na ijulikane kwamba hakitofautishi ugonjwa huu na maambukizi. Baada ya miaka 8 hivi tangu dalili zianze, atahitaji kamera ya kuchunguza saratani mara kwa mara, hata akiwa hana maumivu.

Mwisho, wekeni saa yenye sekunde na kipimajoto nyumbani. Akienda choo chenye damu mara 6 au zaidi kwa siku, na pamoja na hayo mapigo ya moyo yamezidi 90 kwa dakika au joto limepita 37.8, hiyo ni hali ya kulazwa, hata kama ni usiku. Mpelekeni hospitali ya rufaa yenye daktari wa upasuaji, si kliniki ya mtaani, na mbebe majibu ya kamera na orodha ya dawa. Huko wapime choo upya kwa maambukizi kabla ya kuongeza dawa za kuzima kinga. Njiani apige funda za maji ya chumvi na sukari, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Msimpe loperamidi wala dawa yoyote ya kufunga tumbo: utumbo mpana uliovimba kiasi hicho ukizuiwa kusukuma unaweza kutanuka hadi kupasuka.